SOAP inakataa: namna ya kutafuta kosa ya websevisi ya Java kuanzia chini

Bandugu, hii ni ju ya wale benye banashindana na websevisi za Java (programu zenye zinaongea kupitia rezo), SOAP (ujumbe wa XML ndani ya bahasha), WSDL (faili yenye inaeleza huduma), skima za XML (kanuni za vile XML inapashwa kuwa) na mambo yote ya kule. Kuko batu banasema SOAP ilikufa zamani, bon, baende baunganishe programu yao na mfumo wa benki ao wa forodha kiisha barudi batuambie. Hapa Lubumbashi mi naona kila mara kitu ileile: mutu anapata ereri ndefu nyekundu, anaanza kugeuza klasi, anaongeza anotesheni, anabadilisha toleo ya maktaba, siku inaisha, na kumbe kosa haikuwa kwenye Java hata kidogo, ilikuwa kwenye baiti zenye zilipita kwenye waya.

Java inaongea wa mwisho. Chini kabisa kuko rezo, kiisha TLS (ile inafunga siri ya `https`), kiisha HTTP, kiisha XML yenyewe, kiisha skima, na pale juu njo klasi zako. Kosa inazaliwa fasi moja inalia fasi ingine. Donc tunapanda toka chini.

Mbele ya yote, ona ujumbe wenyewe

Kama unatumia JAX-WS ya kawaida (maktaba ya Java ya kufanya SOAP), washa klienti (programu yenye inaita huduma) na `-Dcom.sun.xml.ws.transport.http.client.HttpTransportPipe.dump=true`. Kama uko kwenye Java 8 na unatumia ile ilikuja ndani ya JDK, jina inageuka kidogo, unaandika `com.sun.xml.internal.ws` pa fasi ya `com.sun.xml.ws`. Upande wa seva ni `com.sun.xml.ws.transport.http.HttpAdapter.dump=true`. Benye banatumia CXF (maktaba ingine ya kazi ileile) baweke `LoggingFeature`. Hapo utaona bahasha yote, ile ulituma na ile ulipokea, na hedi za HTTP juu yake. Lakini ukumbuke, password na namba za akaunti nazo zitaandikwa kwenye logi, usiache ikiwaka kwenye seva ya kazi usiku muzima.

Kiisha chukua bahasha ileile, iweke kwenye faili, itume kwa mukono:

`curl -v -H 'Content-Type: text/xml; charset=utf-8' -H 'SOAPAction: ""' --data-binary @ombi.xml http://anwani-ya-huduma`

Ni `--data-binary`, si `-d`, ju `-d` inafuta mistari mipya ya faili, na kama ujumbe ulitiwa saini, saini inaharibika na utatafuta mwizi fasi haiko. Curl ikipata jibu muzuri na Java inakosa, kosa iko kwenye programu yako. Curl ikikosa sawasawa na Java, kosa iko kwenye ujumbe, kwenye njia ao kwa seva, na klasi zako ziache kwanza zipumzike.

Inaanguka mbele ya kutuma hata kitu: `NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException`

Hii inakuja siku ile mutu anaondoa Java 8 anaweka mupya. JAXB (yenye inageuza XML kuwa klasi za Java na kinyume) na JAX-WS zilikuwa ndani ya JDK tangu Java 6, na Java 11 ya mwaka 2018 ikazitoa kabisa, pamoja na `wsimport` yenyewe (ile inazalisha klasi toka WSDL). Si lazima urudi Java 8, unaongeza tu `jaxws-rt` na `jaxb-runtime` kwenye pom (faili ya Maven yenye orodha ya maktaba zako).

Lakini toleo gani? Hapo njo batu banapotea. Mwisho wa 2020 Jakarta EE 9 iligeuza majina yote ya pakeji, `javax` ikakuwa `jakarta`. Toleo 2.3 za maktaba hizi bado ziko na `javax`, za 3 na 4 ziko na `jakarta`. Na kuko moja ya kuchekesha: `jakarta.xml.bind-api` 2.3.3 jina yake ni jakarta lakini ukiifungua ndani pakeji ni `javax.xml.bind`. Usiamini jina ya faili, fungua jar uone. Tomcat (seva ya programu za Java) nayo ni vile, 9 inajua `javax`, 10 inajua `jakarta`, ukitupa ndani ya Tomcat 10 WAR (programu yote imefungwa faili moja) ya zamani yenye servleti za anotesheni haitapiga kelele, utapata 404 tu na utafikiri umekosea anwani. Kama hauna wakati wa kugeuza kodi, weka WAR kwenye folda `webapps-javaee`, Tomcat 10 itaigeuza yenyewe. Kiisha piga `mvn dependency:tree`, na kama unaona `javax.xml.ws` na `jakarta.xml.ws` zote mbili kwenye programu moja, chagua moja.

Kuko ingine yenye inafanana na hii na si hii: `zip END header not found` ao `invalid LOC header`. Hiyo ni jar yenye ilishuka nusu, koneksio ikakatika ao mega zikaisha katikati. Futa folda ya maktaba ile ndani ya `.m2/repository` na uishushe tena na `mvn -U`. Wenye mega kidogo, siku mukiwa na koneksio muzuri pigeni `mvn dependency:go-offline`, kiisha fanyeni kazi na `mvn -o`.

Jibu imekuja lakini si XML

`Unsupported Content-Type: text/html Supported ones are: [text/xml]`. Seva ilikujibu na ukurasa wa HTML. Isome! Batu banaogopa kuisoma na kumbe imeandikwa wazi: mara ni nginx (seva ya mbele yenye inapitisha maombi) inasema 502 ju Java ya nyuma imekufa, mara ni ukurasa wa kuingiza password, mara ni ukurasa wa kampuni ya intaneti unakukumbusha kulipa, na hiyo ya mwisho inatokea kwenye anwani za `http`, kwenye `https` utaona ereri ya cheti pa fasi yake.

Ereri ya HTTP 415 (seva haikubali Content-Type yako) ni kitu ingine. SOAP 1.1 inasafiri na `text/xml` na hedi ya `SOAPAction`, SOAP 1.2 inasafiri na `application/soap+xml`. Ukituma moja kwa seva yenye inangoja ingine inakataa mbele ya kufungua bahasha. Angalia nemuspesi ya bahasha (ile anwani yenye inatambulisha majina ya XML): `http://schemas.xmlsoap.org/soap/envelope/` ni 1.1, na `http://www.w3.org/2003/05/soap-envelope` ni 1.2. Ukiona `VersionMismatch` ni ugonjwa uleule. Kwenye Java unageuza na `@BindingType(SOAPBinding.SOAP12HTTP_BINDING)`, lakini mi ninge­kuambia uzalishe klasi tena toka WSDL, ni haraka na haidanganyi.

XML inavunjika

`Content is not allowed in prolog` maana yake kuko kitu mbele ya alama ya kwanza `<`. Sababu yenye mi naona mingi: ulisoma faili ukaifanya String, na faili ilikuwa na zile baiti tatu za mwanzo EF BB BF zenye Notepad inapenda kuweka, ukaipatia kisomaji kupitia `StringReader`. Ukimupatia `InputStream` moja kwa moja anajua kuziruka mwenyewe, ukimupatia herufi hajue. Sababu ingine ni kupitisha jina ya faili pa fasi ya yenye iko ndani ya faili, usicheke, inatokea. Na kama mbele kuko nafasi ao mstari mutupu, kiisha `<?xml`, ereri inageuka: `The processing instruction target matching "[xX][mM][lL]" is not allowed`. Ile sentensi inatisha bure, futa tu mstari mutupu wa juu.

`Premature end of file` ni mukondo mutupu. Ao jibu ilikuja bila kitu, ao filta yako iliisoma kwanza ju ya kuiandika kwenye logi na haikuirudisha.

Kiisha `&`. Hapa kwetu nusu ya maduka iko na jina kama Ets Fulani & Fils, na mutu anayejenga XML kwa kuunga String na `+` anafanya kazi wiki nzima bila shida mpaka siku muteja wa vile anaingia: `The entity name must immediately follow the '&'`. Usitibu na `replace`. Jenga XML na JAXB ao na `XMLStreamWriter`, zinajua kuandika `&amp;` zenyewe.

Na herufi za kifaransa, ile njo ya kwetu kabisa. `Invalid byte 2 of 3-byte UTF-8 sequence`, na ndani ya ujumbe kuko Société, ao jina ya mutu yenye é. Kwenye Windows ya kifaransa é inaandikwa baiti moja, E9, na yule anayesoma UTF-8 akiona E9 anaelewa "hapa inaanza herufi ya baiti tatu", anangoja mbili zenye zinafuata, anapata `t`, anaanguka. Basi ereri yenyewe inakuambia kila kitu: XML imetangaza UTF-8 na baiti si UTF-8. Tafuta kwenye kodi `getBytes()` bila kitu ndani, `new FileReader`, `new InputStreamReader` bila charset. Mbele ya Java 18 ya 2022 hizo zilikuwa zinafuata lugha ya mashini, ndiyo sababu inaenda muzuri kwenye seva ya Linux na inakufa kwenye kompyuta ya muhasibu. Andika `StandardCharsets.UTF_8` kila fasi. Ukiona kinyume, yaani `SociÃ©tÃ©`, ni UTF-8 yenye mutu aliisoma kama Windows, na hiyo haileti ereri, inaingia kimya kimya kwenye database, ni mubaya zaidi.

XML ni nzima, lakini kwenye Java kila kitu ni `null`

Kama unapata `unexpected element (uri:"", local:"facture")` na nyuma yake orodha ya zenye zinangojwa, shukuru Mungu, ju imekuambia. Inasema: nimepata facture bila nemuspesi na mi nilikuwa nangoja ile yenye nemuspesi. Linganisha herufi kwa herufi. `http://mufano.cd/facture` na `http://mufano.cd/facture/` ni bintu mbili tofauti kabisa, ile mkwaju ya mwisho imekwisha kula siku za batu wengi.

Yenye inaumiza ni ile haisemi. Elementi ya inje inakubaliwa, za ndani zote null. Skima iko na `elementFormDefault="qualified"`, maana yake hata za ndani zinabeba nemuspesi, na klasi zako uliziandika kwa mukono bila `package-info.java`, basi JAXB inatafuta za ndani bila nemuspesi, haizioni, inaziruka. Na JAXB tangu toleo 2 kwa desturi yake haipige kelele: ikikuta yenye haijui inaruka, ikikuta namba yenye haisomeki inaacha null inaendelea. Mi naona huo ni uamuzi mubaya wa wale baliotengeneza, lakini njo vile iko. Lazima umulazimishe aseme: mupatie `Unmarshaller` skima na `setSchema`, ao weka `@SchemaValidation` kwenye huduma ya JAX-WS, ao kwa CXF washa `schema-validation-enabled`. Kuanzia hapo ereri zitakuja kwa jina.

Ya kwanza utaiona ni `cvc-complex-type.2.4.a`, yaani nimepata elementi hii na nilikuwa nangoja ile. Mara mingi bintu vyote viko, ni mpangilio. `xs:sequence` inataka kufuatana vile imeandikwa, na klasi yako inatoa kwa mpangilio mwingine, weka `propOrder` kwenye `@XmlType`.

Koma na tarehe

`'12,50' is not a valid value for 'decimal'`. Mutu aliandika `String.format("%.2f", bei)` na mashini iko kwa kifaransa, ikaweka koma. XML haijue kifaransa, inataka nukta. Akitumia `%,.2f` ni mubaya zaidi, inaingiza nafasi yenye haionekani katikati ya maelfu, na franka zetu ziko na maelfu mingi, utaangalia namba kwenye logi utaona ni muzuri kabisa na `trim` haisaidii kitu. Usifanye pesa kuwa String. Weka `BigDecimal` kwenye klasi, JAXB itaiandika vizuri, na kama lazima String basi `Locale.ROOT`.

Tarehe sasa. Kongo iko na saa mbili: sisi huku Lubumbashi, na Goma na Bukavu, tuko UTC+2, Kinshasa wako UTC+1. Unatuma tarehe ya facture 1 Julai, kodi inatengeneza `XMLGregorianCalendar` toka `Date` ya saa sita ya usiku, inakuwa `2024-07-01+02:00`. Seva ya Kinshasa inaigeuza kwa saa yake, inakuwa 30 Juni saa tano ya usiku, inakata saa, inahifadhi 30 Juni. Facture imeingia mwezi uliopita na muhasibu anakuja kupiga kelele. Wakati wa kujaribu hapa hautaiona ju mashini zote ziko saa moja. Kwa `xsd:date` ondoa saa ya eneo kabisa: `setTimezone(DatatypeConstants.FIELD_UNDEFINED)`, ao tumia `LocalDate` na `XmlAdapter` kidogo. Kwa `xsd:dateTime` fanya kinyume, kila mara iandike na `+02:00` yake, usiache seva ya mbali ikisie.

Cheti, na saa ya mashini

`PKIX path building failed` maana yake Java haimujue yule aliyesaini cheti cha seva. Kivinjari kufungua anwani ileile haihakikishi kitu, ju Java iko na orodha yake mwenyewe, faili `cacerts`. Leta cheti cha mamlaka yao, ingiza na `keytool -importcert`, password ya kawaida ni `changeit`. Kwa vyeti vya Let's Encrypt, Java 8 za mbele ya 8u141 hazina mzizi wao mupya, na ule wa zamani uliisha tarehe 30 Septemba 2021, hapo panda toleo tu. Ile kodi inazunguka kwa batu yenye inakubali cheti chochote, usiiweke, hasa kwenye mambo ya malipo.

Ereri ikisema `CertificateNotYetValidException`, ao WS-Security (ulinzi wa ndani ya ujumbe wa SOAP) ikisema ujumbe umepitwa na wakati na umetuma sasa hivi, andika `date` mbele ya kugusa chochote. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani ya mashini imekufa, saa inarudi miaka nyuma. WSS4J (maktaba ya WS-Security) kwa kawaida inakubali ujumbe wa dakika tano tu, sekunde 300, na ukiwa mbele ya seva inakuvumilia sekunde 60. Badilisha betri, washa NTP (inapatanisha saa kupitia rezo), na usiwashe huduma mbele ya saa kupatana.

Kwangu inaenda, kwa muteja inasema `Connection refused`

Fungua WSDL, tafuta `soap:address`. Ikiwa `location` ni `http://localhost:8080/...` ao IP ya ndani, njo ile. Klienti analazimisha anwani kwa `BindingProvider.ENDPOINT_ADDRESS_PROPERTY`, na mwenye seva nyuma ya nginx apitishe hedi ya `Host`.

Na kama huduma iko ndani ya rezo ya ofisi lakini intaneti ikikatika nayo inakufa, na logi inataja `UnknownHostException: www.w3.org`, ni WSDL yako ao skima inaita faili za inje kila inapowaka. Ziweke ndani ya jar pamoja na `META-INF/jax-ws-catalog.xml`.

Taimauti, na malipo yenye inaingia mara mbili

JAX-WS ya kawaida haina kikomo, itangoja milele, thredi zitajaa na seva itaonekana imekufa. Weka `com.sun.xml.ws.connect.timeout` na `com.sun.xml.ws.request.timeout` kwa milisekunde kwenye `getRequestContext()`. CXF iko na zake, sekunde 30 za kuunga na 60 za kungoja jibu.

Lakini tofautisha. `connect timed out`, haukufika, unaweza kurudia. `Read timed out`, ombi ilifika na hujui ilifanywa ao hapana, na mutu anayerudia hapo bila kuuliza njo anatoa pesa ya muteja mara mbili. Na kuko ingine yenye wengi hawaijue: `HttpURLConnection` ya Java, seva ikifunga koneksio bila kujibu, inarudia POST yenyewe kimya, kodi yako imeita mara moja na seva imepokea mbili. Zima na `-Dsun.net.http.retryPost=false`.

Kiisha kila ombi ya malipo ibebe namba yake, itolewe mara moja na ibaki ileile hata ukirudia, na seva iiweke kwenye meza yenye `UNIQUE`. Namba ikirudi, inatoa jibu ya kwanza bila kulipa tena. Kama mfumo wa upande ule hauna hiyo, tafuta kwenye WSDL yao operesheni ya kuuliza hali ya malipo, uipige mbele ya kurudia. Nayo isipokuwako, programu isirudie yenyewe, iandike "haijulikani" na iachie mutu wa kaunta apige simu.